Vifaranga Chumbani kwa Mama Mkwe

Vijana, mkimwona mtu mzima amelala kifudifudi sakafuni asubuhi kweupe, shavu limezama kwenye pumba za mpunga na sikio limetegwa, msikimbilie kuita watu. Huenda yuko kazini. Mimi nimelala hivyo miaka ishirini na nane, nikisikiliza kama kiumbe chenye uzito wa kipande cha sabuni bado kinapumua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kupokea vifaranga wa siku moja, kuwalea ndani ya nyumba mpaka watimize mwezi na kuota manyoya ya kujitetea, kisha kuwapeleka kwa watu wanaotaka kufuga na kuwafundisha namna ya kuendelea.

Nimelea wengi. Ukiwapanga mstari mmoja, wa mbele atakuwa anakunywa maji ya ziwa hapa Musoma na wa mwisho bado anagombania basi Bunda. Mke wangu Nyangeta amesoma sentensi hiyo juu ya bega langu, anasema mstari ungeishia Butiama. Haya, Butiama. Bado ni mbali.

Sasa nimestaafu. Mgongo uligoma kabla yangu. Vijana wa hapa mtaani Mukendo wananijiaga na madaftari, Mzee tupe siri, wengine wananiita Mtaalamu. Nitawapa nilicho nacho. Lakini nawaambia mapema, kuna jambo moja katika kazi yangu ambalo nikilikumbuka hata sasa naweka kikombe cha chai chini, na hilo sitaliruka.

Tuanze na ujinga wangu. Kifaranga wa mashine hana mama. Huyu wa kienyeji ana mama yake, anajificha chini ya bawa, mwewe akipita anaitwa, baridi ikija anafunikwa. Wa mashine anatoka kwenye boksi, anakutazama wewe. Wewe ndiye mama. Ndiyo maana tunamlea ndani, tena ndani kabisa, chumba tunacholala, kwa sababu huko ndiko kuna joto na macho ya mtu.

Mimi boksi langu la kwanza nililichukua stendi ya Bunda kwa tamaa tu, kama mtu anayechukua maandazi. Vifaranga hamsini. Siku ya kwanza niliwawekea maji kwenye bakuli la ugali, wakazama sita. Wamezama kwenye bakuli! Mimi mtoto wa ziwa, nimewazamisha viumbe kwenye maji ambayo hayafiki kwenye kifundo cha mguu wangu. Siku ya pili nikawatandikia magazeti, wakateleza mpaka miguu ikaachana kama mkasi. Siku ya tatu nikawaweka kwenye kona ya chumba, wakasongamana pale konani, wa chini wakafa kwa kukosa hewa. Siku ya nne nikabeba waliobaki, kumi na tisa, nikampelekea Mama Sabina.

Mama Sabina alikuwa mjane, mkulima wa pamba nje kidogo ya mji wa Bunda, na kila mtu alijua kwamba kifaranga akiingia nyumba yake anatoka kuku. Alilitazama boksi langu, akanitazama mimi.

"Hawa ulikuwa unawalea au unawaadhibu?"

"Nilikuwa nawalea, Mama."

"Mungu akusaidie usije ukanilea mimi nikizeeka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanifundisha. Kwenye sahani ya maji weka kokoto, kifaranga asimame juu yake anywe. Tandika pumba au maranda, usitandike gazeti. Mduara wa maboksi, usiwe na kona hata moja. Katikati chungu cha udongo chenye matundu shingoni, ndani mkaa uliowaka vizuri, juu yake majivu ili usiishe haraka. Maji ya kwanza yawe vuguvugu na sukari kidogo, maana wametoka safari.

Lakini somo kubwa lilikuwa sikio. Aliniketisha nje, nyuma ya ukuta wa chumba chake, yeye akabaki ndani na vifaranga.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanalia, Mama."

"Kulia nako kuna aina. Mwanao akilia njaa na akilia kuungua, kote unampa uji?"

Nilikaa nyuma ya ukuta ule majuma mawili. Wakiwa na baridi wanapiga kelele kali, wote kwa pamoja, kama soko limeshika moto. Wakipigwa na upepo wanalia upande mmoja wa chumba tu, maana wameukimbia huo mwingine. Wakizidiwa joto wananyamaza, na ukitega sikio unasikia vidomo vinahema. Wakiwa na raha wananong'ona. Wananong'ona kama akina mama kanisani kabla mchungaji hajaingia: hakuna anayesema kwa sauti, lakini hakuna aliyenyamaza. Siku nilipozitaja sauti zote nne bila kukosea, Mama Sabina alitoka na kikombe cha maziwa.

"Sasa kumbuka moja," akasema. "Joto unaliweka, upepo unaliiba. Upepo ndio mchawi. Ziba."

Ziba. Neno hilo nililibeba kama cheti. Nimelisema Bunda, nimelisema Butiama, nimelisema vijiji vya rasi huku ziwani mpaka wavuvi wakanitania. Nikifika nyumba ya mtu, kabla sijasalimia vizuri naangalia ukuta, nasema zibeni pale, zibeni na hapa. Watu waliziba kwa udongo, magunia, kanga kuukuu. Na vifaranga walipona! Nitaachaje kujisifu?

Nisisahau chakula. Dagaa wa hapa kwetu ni mali, lakini waangalie wameanikwa wapi. Mwaka mmoja nilisaga dagaa walioanikwa juu ya mchanga, nikawachanganyia vifaranga, wakakonda huku matumbo yamejaa. Nilipompasua mmoja aliyekufa niliruka nyuma. Nilikuwa nimewalisha ufukwe! Chukua walioanikwa juu ya nyavu au mawe. Na mchwa: jaza chungu kibovu samadi kavu na magunzi, nyunyizia maji, kigeuze mdomo chini juu ya tundu la mchwa. Kesho yake kiinue, utakuta wamejaa. Kifaranga akiuona mchwa anakimbia kama bwana harusi aliyechelewa.

Mambo yamebadilika, najua. Ninyi mna taa za umeme, mna chanjo ya ugonjwa wa mdondo ya kudondoshea jichoni, mna simu inayowaambia joto. Mimi nilisoma hesabu za joto shule ya jioni, nikiwa na watoto watatu, na bado naamini sikio zaidi. Umeme ukikatika mnarudi wapi? Kwenye chungu. Ndiyo maana nawaandikia habari ya chungu.

Mama mkwe wangu anaishi Butiama. Ni mwanamke ambaye ukimletea kitu cha dukani anakigeuza mara mbili mikononi kama anatafuta kosa. Nia yake ilikuwa nyumba yake isitegemee mtu: muhogo wake, mtama wake, ulezi wake, maziwa ya ng'ombe wake, mboga zake nyuma ya nyumba. Kutoka dukani alitaka chumvi na kiberiti basi. Kilichobaki kilikuwa kuku, kwa mayai, na kwa samadi ya bustani. Kuku wa kienyeji walikuwa wanaliwa na vicheche. Basi akaomba, kupitia binti yake, kwamba yule mkwe anayejifanya daktari wa vifaranga amletee sitini.

Hapa niwaeleze ninyi wa siku hizi mnaopiga picha mmekumbatiana na wakwe zenu. Kwetu, mimi na mama mkwe hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Nikimwona anakuja njiani napisha pembeni natazama majani. Chumba chake cha kulala ndiyo usiseme: mkwe akikanyaga humo, ni aibu ambayo wazee wanakaa kikao. Na vifaranga wanalelewa wapi? Chumba cha kulala.

Kwa hiyo mtaalamu ninyi mnayemwona hapa aliwalea vifaranga sitini bila kuwaona. Niliwekewa kiti nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa chumba chake, nikawa nafanya kliniki ya ukutani. Na kwa kuwa tulikuwa hatuongei ana kwa ana, yeye aliongea na ukuta.

"Wewe ukuta, muulize mkwe hao wanasemaje leo."

"Ukuta, mwambie Mama wana baridi kidogo. Apunguze majivu."

"Ukuta, mwambie mkwe anapenda kuamrisha."

Nyangeta alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kundi la kwanza walipona hamsini na nane. Mama mkwe alinitumia jogoo, na jogoo kutoka kwake ni sawa na nishani. Hiyo ilikuwa nyumba yake ya zamani, ya udongo na nyasi.

Mwaka uliofuata shemeji yangu Wambura, anayefanya kazi hapa Musoma, akamjengea mama yake nyumba. Na akajenga! Bati, silingi bodi, madirisha ya vioo, sakafu unajiona sura. Mama akahamia, akaomba vifaranga sitini wengine. Nikapeleka. Nikawekewa kiti changu veranda ya nyuma, ukuta mpya. Chumba sikukiona, ningekionaje? Nikasema maneno yangu yaleyale.

"Ukuta, mwambie Mama aweke chungu kama zamani. Na azibe kila penye upepo."

"Ukuta, mwambie mkwe nyumba hii haina upepo."

"Ukuta, mwambie Mama upepo haukosi pa kupita. Chini ya mlango. Kwenye dirisha. Azibe tu."

Akaziba. Mama mkwe wangu akiambiwa jambo la kazi analifanya kuliko alivyoambiwa.

Ilikuwa masika, mvua ya siku tatu. Mimi niko Bunda, simu ikaita, ni Nyangeta kutoka nyumbani.

"Baba Majura, Mama anasema vifaranga wanasinzia tu, hawali. Na yeye kichwa kinampasuka tangu jana, miguu mizito."

Nikajibu hapohapo bila kuvuta pumzi. "Vifaranga ni mdondo unaanza. Yeye ni malaria. Nawaletea dawa wote." Shubiri mwitu kwa hao, vidonge kwa huyu! Nilijiona hodari kweli. Tukakubaliana tukutane Butiama, yeye atoke Musoma, mimi nitoke Bunda, maana mimi peke yangu siwezi kuingia.

Nikafika wa kwanza, mchana, nimelowa. Mlango wa mbele umerudishiwa. Nikabisha, kimya. Nikazunguka nyuma, nikakuta kiti changu, nikakaa. Mkononi nilikuwa na muhindi wa kuchoma nilionunua njiani. Nikatega sikio.

Kimya.

Nikasema, "Ukuta, mwambie Mama nimefika. Vifaranga wamelala vizuri. Ukimya huu ni wa shibe."

Hakuna jibu. Nikajua naye amelala, mgonjwa anahitaji kulala. Nikaanza kula muhindi. Nikaula wote, vijana. Punje kwa punje, mpaka gunzi.

Ndipo kitu kikanigonga. Mvua ilikuwa imepungua kwenye bati, nikatega sikio tena, hakuna hata mnong'ono mmoja. Vifaranga sitini hawajawahi kunyamaza wote. Wakiwa wamelala, mmoja anaota analalamika, mwingine anakanyagwa anashtaki. Wakizidiwa joto unasikia kuhema. Mama Sabina alinifundisha sauti nne, na hii haikuwa mojawapo. Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Mama!" nikaita, bila kupitia kwa ukuta. "Mama!"

Nikagonga ukuta kwa ngumi. Nikakimbia kwa jirani, mlango una kufuli. Nyumba ya pili, hakuna mtu. Nikampigia Nyangeta, yuko njia panda anatafuta bodaboda kwenye mvua.

"Nyangeta, Mama haitiki. Vifaranga hawatoi sauti. Naingia."

"Usiingie! Baba Majura nakuomba, usiingie, nakuja, watasema nini..." Halafu akapiga kelele simu nzima ikakwaruza: "Ingia! Ingia wewe, unangoja nini!"

Mlango wa chumba ulikuwa mgumu, kumbe kwa chini umesukumiwa gunia. Nikausukuma kwa bega. Sitasahau joto lile lililonipiga usoni. Hapakuwa na moshi. Nataka mlisikie hilo, hapakuwa na moshi wala harufu, chumba kisafi, mkaa mwekundu umetulia kwenye chungu. Vioo vya dirisha vimefungwa, vimebandikwa nailoni pembeni kote. Tundu la hewa kule juu limejazwa kanga. Alikuwa ameziba kila nilichosema, na nisichosema.

Vifaranga walikuwa wametapakaa kwenye mduara kama pamba iliyomwagika. Na Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, kopo la chakula mapajani, kichwa kimeanguka kifuani.

Mimi ambaye sijawahi kumgusa hata ncha ya kidole, nilimkumbatia. Huwa nasimulia kwamba nilimbeba kama gunia la pamba. Nyangeta anasema alama kwenye sakafu mpya zilionyesha nilimburuta. Basi nilimburuta. Mama mkwe wangu si mwembamba, na mimi nami miguu ilishaanza kulegea kwa ile hewa. Nilimtoa mpaka veranda, nikamweka kwenye upepo, ule ule niliowafundisha watu kuuogopa. Nikampepea kwa kofia. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo nalo ni kosa jingine.

Akatapika. Nikashukuru kuona matapishi kuliko nilivyowahi kushukuru kuona chakula. Akafumbua macho.

"Nani?"

"Mkwe, Mama."

Akanitazama. Akajitazama, kichwa wazi, gauni la ndani. Akavuta pindo la kanga iliyokuwa imening'inia kiunoni, taratibu, akafunika uso. Hapo ndipo nilipojua ataishi. Aibu ilikuwa imemrudia.

Nyangeta akafika na bodaboda, akina mama wakatoka mashambani kwa kelele zake za kuomba msaada, gari la maziwa likasimamishwa, Mama akapelekwa hospitali akawekewa hewa puani. Daktari, binti mdogo tu wa umri wa mwanangu, akatuuliza nini kilichotokea. Tukamweleza.

"Chungu cha mkaa kwenye chumba kilichofungwa?" akasema. "Nani alimwambia afunge?"

Watu wote wa ukoo walikuwa pale kwenye korido. Nilitazama chini, nikatazama juu, hakukuwa na ukuta wa kumwambia.

"Mimi," nikasema.

Akaeleza kwamba mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa unatoa sumu isiyoonekana. Kwanza kichwa kinauma, halafu uzito, usingizi, basi. Wadogo wanaanza. Wale vifaranga kusinzia ilikuwa ni taarifa, na mimi niliisoma nikaiita mdondo. Vifaranga arobaini na mmoja walikufa. Waliobaki, akina mama waliwatoa ndani, Nyangeta akawakuta wanayumbayumba veranda.

Mama alilazwa siku nne. Alipotoka, wazee wakaita kikao. Niliandaa mbuzi, maana nilijua kosa langu: nimeingia chumbani, nimegusa, nimeita jina. Tukakaa sebule ya nyumba mpya, mimi, Wambura na wazee watatu. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Wazee wakaongea juu ya kuingia kwangu muda mrefu sana. Mmoja akasema mbuzi mmoja hatoshi. Mwingine akasema hali ilikuwa ya dharura. Wambura alikuwa ameinama, naye anajilaumu kwa silingi bodi yake. Mimi nikasema nitalipa watakachosema.

Mama akakohoa kule nyuma. Wote tukageukia pazia.

"Wewe ukuta," akasema, "waambie wazee hilo la kuingia nimelifuta. Angeingia mapema, ningelifuta mapema."

Mzee mmoja akaguna.

"Na mwambie mkwe kwamba mimi nilikuwa namsikia."

Nikavua kofia.

"Nilimsikia anafika. Nilimsikia akisema wamelala vizuri. Ulimi ulikuwa mzito, mkono ulikataa kuinuka hata nigonge. Nikasema moyoni, huyu anajua sauti, atajua tu. Nikamsikia anatafuna muhindi." Akapumzika. "Aliutafuna mpaka mwisho."

Hakuna aliyenitazama.

"Mbuzi simtaki," akamalizia. "Hilo la kuziba ndilo halijafutika. Wangapi amewaambia wazibe? Aende nyumba kwa nyumba akazibue kwa mkono wake. Akimaliza aje."

Nilianzia kwa Mama Sabina. Ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo, lakini nyumba ni ileile. Nikamsimulia yote. Akanisikiliza, kisha akaninyooshea fimbo kule juu, mahali ukuta unapoishia kabla paa halijaanza. Pana uwazi unaoingiza kichwa cha mtu, unazunguka nyumba nzima. Nilikaa katika nyumba ile majuma mawili nikijifunza, na sikuwahi kuuona.

"Kwani hukuona nyumba yangu ina mdomo?" akaniuliza, kashangaa kweli. "Moshi wote unatokea pale. Ningekuambiaje uache wazi kitu ambacho hakizibiki?"

Kumbe nilibeba nusu ya somo miaka yote ile. Nusu ya pili ilikuwa juu ya kichwa changu. Vifaranga walipona kwa sababu nyumba za udongo hazikunisikiliza, hewa ilipita juu huku sisi tunaziba chini. Watu walipoanza kujenga za bati na silingi, maneno yangu yakawa sumu na mimi nikaendelea kuyagawa.

Kwa hiyo andikeni hili kwenye madaftari yenu, kwa kalamu nzito. Upepo unauzuia chini, usawa wa kifaranga, kwa ule mduara wa maboksi. Juu, usawa wa kichwa chako na zaidi, acha wazi, dirisha lifunguliwe hata mvua ikinyesha. Nyumba ya silingi chungu kisilale chumba kimoja na mtu. Na siku kichwa kinakuuma wewe na vifaranga wanasinzia, usitafute magonjwa mawili. Toka kwanza, watoe na wao, halafu ndiyo ufikiri. Ukiwa nje ya mlango wa mtu na unahofia, usimalize muhindi.

Nimezunguka. Rasi yote, mpaka kwa wavuvi waliokuwa wananitania. Butiama, Bunda, kila jina nililolikumbuka. Nilidhani ni kazi ya mwezi. Nimekuta nyumba ambazo sikuwahi kuzikanyaga.

Wiki iliyopita nilikuwa Bunda, nikaingia kwa mama mmoja nisiyemjua, nimesikia tu kwamba analea. Nyumba nzuri, mpya. Akanipokea vizuri, akaniambia yeye alifundishwa na dada yake, na dada yake alifundishwa na mtu fulani wa Musoma, fundi mkubwa sana.

"Njoo uone, Mzee," akasema, na kwa sababu mimi si mkwe wake akanifungulia chumba cha watoto. Vitanda viwili, na katikati mduara wa maboksi, vifaranga thelathini, chungu kinawaka. Dirisha lote limefunikwa gunia, limepigiliwa misumari pande nne, mistari imenyooka.

"Upepo haupiti hata kidogo," akaniambia kwa fahari. "Yule fundi ndivyo anavyosema. Ziba."

Nilishika fremu ya mlango. Nikamuuliza watoto wako wapi, akasema shule, saa nane watarudi walale kidogo.

Nikamwomba nyundo.